Semina Nyingi, Uchunguzi Haba: Nani Amfunze Mwandishi wa Tabora?

Tangu Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ianze kutoa vitambulisho vyake mwaka 2025, mjadala wa nani ni mwandishi na nani si mwandishi umechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina njia yake: elimu ya darasani, cheti cha semina, na uwezo wa kufukua jambo lililofichwa. Wapo wanaoamini kwamba mwenye stashahada na kitambulisho ameshaiva. Wapo wanaopima ukomavu wa mwandishi kwa idadi ya mafunzo aliyohudhuria na miji aliyofika. Na wapo wasomaji waliokwisha kukata tamaa na magazeti na redio, ambao kwao mtu mwenye simu na ujasiri anatosha. Mkanganyiko huu unatugharimu, na gharama yake inaonekana vizuri zaidi ukiondoka Dar es Salaam. Chukua Mkoa wa Tabora. Kuna tumbaku ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, kuna vyama vya ushirika vilivyoandamwa na tuhuma kwa miaka mingi, kuna reli ya kisasa inayojengwa, kuna misitu ya miombo inayokatwa, kuna shimo la mgodi wa dhahabu uliofungwa Nzega, kuna Ulyankulu na maelfu ya watu waliokuja kama wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 wakaishia kuwa raia. Kila kimoja kina fedha nyingi na karatasi nyingi nyuma yake. Habari zilizochimbwa kwa wiki kadhaa na waandishi wanaoishi hukohuko ni chache mno.

Maelezo ya haraka ni kwamba waandishi wa mikoani hawajafunzwa. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu wengi wao wamefunzwa, na baadhi wamefunzwa jambo lilelile mara kadhaa. Tatizo kubwa liko katika namna mafunzo yenyewe yalivyotenganishwa na kazi: mtu anafundishwa uchunguzi mahali pamoja, kisha anarudi kwenye mazingira ambayo hayampi muda, fedha, mhariri wala wakili wa kuufanya.

Ujuzi uliopita njiani

Swali la nani anabaki na ujuzi lina umri mkubwa katika njia ya misafara iliyopita Tabora. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kisha Ujiji, ilibeba pembe, nguo, shanga na watu waliofungwa minyororo. Ilibeba habari pia. Mwaka 1871 alipita humo mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, aliyetumwa na James Gordon Bennett wa New York Herald kumtafuta David Livingstone. Alikwama Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Juni hadi Septemba, kwa kuwa vita kati ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Kazi yake ilisimama juu ya mambo matatu: mhariri aliyekubali kusubiri, mfuko wa kulipia safari, na watu waliojua njia, lugha na tabia za nchi. Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafika India, na ambaye tayari alikuwa amesafiri na Waingereza Burton na Speke hadi Tabora mwaka 1857. Jina lililochapishwa gazetini lilikuwa la Stanley.

Mpangilio huo haujaisha. Timu ya kigeni, au hata ya Dar es Salaam, inapokuja kutengeneza makala ya uchunguzi magharibi mwa nchi, mwandishi wa hapo hutafutiwa nafasi ya mwenyeji: atafute wahojiwa, atafsiri Kinyamwezi, aonyeshe barabara. Timu ikiondoka yeye anabaki, na hasira za waliotajwa zinabaki naye. Mpango wowote wa mafunzo unafaa kuulizwa swali hilo kwanza: ukimalizika, ni nini kitakachobaki Tabora?

Tulikotoka

Uchunguzi katika magazeti ya Tanzania haukuletwa na wafadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika juu ya ugawaji wa kitalu cha uwindaji cha Loliondo, wakati ambapo hapakuwa na intaneti wala mtandao wa kimataifa wa kumshika mkono. Katikati ya miaka ya 2000 magazeti ya ThisDay na KuliKoni yaliandama habari za ufisadi wiki hadi wiki, katika kipindi kilekile ambacho nchi ilikuja kujua kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, aliingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mteja ili kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino, uovu uliokuwa umetanda Mwanza, Shinyanga hadi Tabora. Alitishiwa maisha ikabidi ajifiche. Alikuwa na ujasiri wa ajabu, lakini alikuwa pia na shirika nyuma yake lililoweza kumhamisha na kuendelea kumlipa mshahara. Mwandishi wa redio ya wilayani anayefanya kazi ileile hana mlango wa kutokea.

Mwaka huohuo 2008 ulianzishwa Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, maarufu kama TMF, uliotoa ruzuku kwa waandishi na kuwapa washauri wa kuwaongoza hadi habari ikamilike. Kisha hewa ikabadilika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016. Tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi, alitoweka Kibiti, na hajaonekana hadi leo. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alikamatwa, akakaa mahabusu hadi Februari 2020. Baada ya matukio kama hayo, kumwambia mwandishi kwamba anachokosa ni mbinu za uchunguzi ni kutomsikiliza. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya mafunzo duniani, iliyotegemea mfuko huo mmoja, ilitikisika kwa pamoja.

Hoja ya darasa

Wanaotetea elimu rasmi wana hoja nzito. Tanzania ina mizizi ya muda mrefu katika eneo hili: Chuo cha Uandishi wa Habari cha serikali, TSJ, kilianzishwa mwaka 1975 na baadaye kikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huko Nyegezi, Mwanza, kulikuwa na mafunzo ya habari kabla hapajawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Darasa linampa mwanafunzi sheria ya kashfa, maadili, historia na nidhamu ya lugha, vitu ambavyo semina ya siku tatu haiwezi kuvipa. Mwandishi asiyejua tofauti ya tuhuma na ushahidi anaweza kumharibia mtu maisha, na kudai asome kwanza ni kumlinda mwananchi.

Udhaifu unaanza pale stashahada inapofanywa lango la kuingilia. Uchunguzi ni ufundi, na ufundi hauivi kwa mitihani. Mhitimu anaweza kueleza vizuri nadharia za mawasiliano huku hajawahi kushika taarifa ya fedha ya chama cha ushirika wala kuandika barua ya kuomba taarifa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Pia, mamlaka ya kutoa ithibati ni mamlaka ya kuinyima. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, ndiyo iliyounda Bodi ya Ithibati, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, katika kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na wenzake. Kwa redio za Tabora, ambako baadhi ya watangazaji wanaojua vijiji vyao vizuri waliingia kazini kwa kipaji, lango hilo laweza kuwaacha nje watu ambao mkulima wa Kaliua yuko tayari kuwafungulia mlango. Kuwasomesha ni jambo jema. Kuwafukuza kabla hawajasomeshwa kunapunguza macho yaliyo karibu na tukio.

Hoja ya semina na mikutano ya dunia

Kundi la pili linatazama nje, na lina mengi ya kuonyesha. Mkutano uliofanyika Copenhagen mwaka 2001 ulizaa mtandao wa dunia wa uandishi wa uchunguzi, GIJN, ambao leo unaunganisha mashirika zaidi ya 200. Johannesburg, Chuo Kikuu cha Wits hukutanisha waandishi wa uchunguzi wa Afrika kila mwaka. Nyaraka za Panama za mwaka 2016, mafaili milioni 11.5 kuhusu fedha zilizofichwa nje ya nchi, zisingesomeka bila waandishi wa nchi nyingi kugawana kazi na mbinu. Fedha zinavuka mipaka kwa dakika moja, na mwandishi anayefanya kazi peke yake hazifikii. Kwa Tabora na Kigoma hili si jambo la mbali: mbao, dhahabu na watu hupita Ziwa Tanganyika kati ya Kongo, Burundi na Tanzania, na hakuna chumba cha habari cha upande mmoja kinachoweza kuifuata biashara hiyo hadi mwisho.

Ila mafunzo haya yakishuka mikoani hubadilika sura. Huendeshwa kwa Kiingereza au kwa slaidi za Kiingereza, na mifano yake ni kampuni za visiwa vya mbali, wakati karatasi ambazo mwandishi wa Urambo atakutana nazo ni mihtasari ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono. Mada huchaguliwa na mfadhili: mwaka huu tabianchi, mwaka ujao uchaguzi. Mafanikio huhesabiwa kwa vichwa vilivyokaa ukumbini. Halafu kuna posho. Wengi wamelaumu waandishi kwamba wanafuata posho, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaruka chanzo. Mwandishi mwakilishi wa mkoani kwa kawaida hana ajira. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, kiasi ambacho mara nyingi hakirudishi hata nauli ya bodaboda. Kwa mtu huyo posho ya siku tatu ni kodi ya nyumba. Ataenda semina yoyote, hata ile ambayo angeweza kuifundisha yeye, na akirudi atakimbilia mikutano minne ya waandishi na wakubwa kwa sababu ndiyo inayotoa habari nne kwa siku mbili. Habari ya uchunguzi ya wiki sita italipwa sawa na mojawapo ya hizo nne.

Kujifunza ndani ya habari

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona ina nguvu kuliko nyingine, na inahitaji kuelezwa kwa mfano. Mkulima wa tumbaku Kaliua hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, AMCOS. Hulima, huvuna, hukausha tumbaku kwenye bani kwa moto wa kuni, hufunga marobota, huyapeleka sokoni. Huko hupangiwa daraja, na bei ya kila daraja imewekwa kwa dola ya Marekani. Mwisho wa safari anabaki na karatasi ndogo ya mauzo: uzito, daraja, bei, makato ya pembejeo, makato ya chama, na kilichobaki. Karatasi hiyo ni shule nzima. Je, uzito ulioandikwa unalingana na daftari la chama? Dola ilibadilishwa kwa kiwango cha siku ipi? Mbolea iliyokatwa ni mifuko mingapi, na ghala lilipokea mingapi? Mkulima asiyedaiwa anakatwa kulipia deni la nani, ikiwa chama kilikopa benki kwa dhamana ya wote? Majibu yako mahali panapojulikana: ripoti ya shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, ambayo wanachama wanapaswa kusomewa kwenye mkutano mkuu, mihtasari ya bodi ya chama, kumbukumbu za mrajis, karatasi za wakulima wengine ishirini wa soko lilelile.

Mwandishi anayeongozwa na mtu mzoefu kuifuata karatasi hiyo moja hadi mwisho hujifunza hesabu za ushirika, kulinda vyanzo, kuandika barua ya kuomba taarifa, kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu, na kupitisha habari kwa wakili kabla haijatoka. Hujifunza kwa sababu anavihitaji wiki hiyo. Hilo ndilo TMF iliwahi kulijaribu kwa ruzuku na washauri wake. Mtandao wa InfoNile, ulioanzia Uganda mwaka 2017, huwapa waandishi wa nchi za bonde la Nile ruzuku, takwimu na wahariri kwa habari mahsusi za maji na mazingira, na haungoji kila mtu aje ukumbini. Picha za satelaiti zinazopatikana bure mtandaoni zingeweza kumwonyesha mwandishi wa Sikonge mahali miombo ilipotoweka mwaka hadi mwaka, lakini atazishika vizuri akiwa na msitu fulani akilini na kijiji fulani cha kwenda kuuliza. Kenya imetoa ushahidi mwingine: kipindi cha Jicho Pevu cha televisheni ya KTN, kwa Kiswahili, kilionyesha kwamba uchunguzi mzito unaweza kuvuta watazamaji wengi, na mwaka 2015 John-Allan Namu na wenzake walianzisha Africa Uncensored, chombo ambamo vijana hujifunza wakiwa kazini.

Tofauti na semina iko kwenye muda pia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mtunza taarifa siku 30 za kujibu ombi. Kwenye slaidi, hilo ni mstari mmoja. Kwa mwandishi anayelipwa kwa habari, siku 30 ni mwezi bila kipato, ndiyo maana wengi hawaombi kabisa. Mafunzo yasiyomlipia mwandishi muda wa kungoja jibu yamemfundisha sheria asiyoweza kuitumia.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni gharama. Fedha za semina ya watu arobaini zinaweza kuishia kwenye habari tatu au nne tu, na mfadhili au mhariri mkuu ataona watu thelathini na sita wameachwa. Ni kweli, na sioni haja ya kulificha hilo. Njia hii inafikia wachache. Lakini habari moja iliyokamilika kuhusu AMCOS moja inasikilizwa na wanachama wote wa chama hicho, inawaamsha wa chama jirani, na inamwacha mwandishi mmoja anayeweza kumwelekeza wa pili. Cheti cha semina hakimwachi mkulima na chochote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, ni haki kumsukuma kijana wa wilayani kwenye hatari ambayo hata wakubwa wa Dar es Salaam wanaiogopa? Azory Gwanda alikuwa wilayani. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inawalinda wanaotoa taarifa kwa mamlaka husika. Karani wa ghala anayemwonyesha mwandishi daftari hawezi kuitegemea. Kwa hiyo yeyote anayeendesha mafunzo ya uchunguzi bila wakili, bila mpango wa usalama, na bila chombo kilichoahidi kwa maandishi kuichapisha habari, anacheza na maisha ya mtu mwingine. Hatari hii haipungui kwa kukaa kimya, kwa sababu mwandishi wa mkoani hushambuliwa hata kwa habari ndogo aliyoiandika vibaya. Inapungua anapokuwa na ushahidi uliohakikiwa, anapokuwa na mwenzake, na pale habari inapotoka kwa pamoja Tabora, Mwanza na Dar es Salaam, hivi kwamba kumnyamazisha mmoja hakuizimi. Na zipo habari ambazo, baada ya kupima, jibu sahihi ni kuziacha kwa sasa. Kujua kuacha ni sehemu ya ufundi huu.

La tatu ni kwamba mwenye fedha ndiye atakayechagua habari. Wakosoaji wanauliza kwa nini mashirika ya nje yaamue kipi kichunguzwe Urambo, na historia ya Stanley inawapa haki ya kuuliza. Hata hivyo mwenye fedha wa ndani naye ana mkono: vyombo vingi hutegemea matangazo ya serikali na ya kampuni kubwa, na mhariri anajua ni nani hapaswi kuguswa. Hakuna mfuko usio na mwenyewe. Kinachowezekana ni kuchanganya mifuko na kutenganisha anayetoa fedha na anayechagua habari. Wafadhili waweke fedha kwenye kapu moja, na jopo la wahariri na waandishi wazoefu lipokee mapendekezo kutoka mikoani. Si lazima jopo hilo likae Dar es Salaam.

Pa kuanzia

Ukipima njia hizi tatu, darasa linabaki kuwa msingi ambao haufai kubomolewa, na mikutano ya kimataifa inabaki kuwa na faida kwa mtu ambaye tayari ana habari mkononi na anatafuta mwenzake wa Bujumbura au Kalemie. Kinachopaswa kubebwa kwanza, kwa fedha chache zilizobaki baada ya mwaka 2025, ni habari yenyewe. Muundo wa kuibeba upo. Klabu za waandishi zipo mikoani, zimeunganishwa na umoja wao wa kitaifa, UTPC, na klabu ya Tabora ina wanachama katika wilaya ambazo mhariri wa Dar es Salaam hawezi kuzifikia bila gharama kubwa. Redio kama VOT FM na CG FM zinasikika kwa watu ambao gazeti haliwafikii. Kinachokosekana ni mhariri wa uchunguzi anayelipwa kukaa Tabora, wakili anayepigiwa simu, na malipo yanayotambua kwamba wiki sita za kazi haziwezi kuwa na bei moja na mkutano wa asubuhi. Vyombo vikubwa vya Dar es Salaam vinaweza kuanza na hilo la mwisho bila kumngoja mfadhili yeyote.

Hata kalenda inaruhusu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa bungeni Aprili, ikiwa na hoja za halmashauri moja moja na za miradi mikubwa. Mwaka 2023 ilihoji namna kandarasi za reli ya kisasa za Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Kigoma zilivyotolewa bila ushindani. Magazeti huisoma kwa wiki moja, kisha huigeukia habari nyingine. Masoko ya tumbaku hufunguliwa karibu na majira hayohayo, marobota yanapimwa, karatasi za mauzo zinatolewa. Waandishi watano wa Tabora wakipewa mhariri mmoja na miezi minne, wanaweza kuanza na kurasa za ripoti hiyo zinazohusu halmashauri zao, wakapeleka maombi ya taarifa kabla ya Mei, na siku 30 zitakapotimia watakuwa tayari vijijini, kwenye foleni ya mizani, wakiwa na wakulima ishirini waliokubali kuonyesha karatasi zao.